Maji Bado Yako Njiani

Mwanangu Aika,

Nimefukuzwa jikoni. Shangazi yako amenipokonya mwiko mbele ya watu, akaniambia kiburu, ndizi na maharage ya wageni, nimekitia chumvi mara mbili, na kama nina hamu ya kuharibu chakula nikaharibu cha kwangu, si cha wageni. Nikaenda zizini, nikakuta ng'ombe wameshapewa majani. Nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Kila ninapopita mtu ananiambia, Mama Aika, hebu kaa. Basi nimekaa. Niko huku nyuma kwenye lile banda la kahawa tuliloligeuza stoo, karatasi iko juu ya debe nililolipindua, na nyinyi mkinisikia nakohoa mnadhani napanga mikungu ya ndizi.

Kesho asubuhi unaondoka. Habari za sweta, za dawa, za kusali kabla ya kula, sitakuandikia. Shangazi yako ameshazisema na atazisema tena njia nzima hadi uwanja wa ndege, mwachie. Mimi nina jambo langu moja, na kwa kuwa kila nikifungua mdomo linatoka likiwa amri, nimeona nilipitishe kwenye kalamu. Jambo lenyewe ni kwamba naogopa. Naogopa utakwenda Japani na utanyamaza, kama alivyonyamaza kaka yako Elia huko Dar es Salaam, na nitabaki kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo wa baba yako, nikiulizwa na kila mtu anayetoka kanisani, watoto hawajambo, nami nikijibu hawajambo bila kujua.

Nimelisema. Sasa ngoja nilieleze, maana likikaa hivyo litakutia hasira, nawe hasira zako umezirithi kwangu.

Unakumbuka uliponiambia umepata nafasi. Nilikuwa nakamua. Nikakuuliza unakwenda kusomea nini, ukasema vyombo vya anga visivyo na watu ndani, vinavyotumwa kwenye mawe madogo yanayozunguka jua, asteroidi. Nikauliza kama ni mawe ya dhahabu. Ukasema hapana, mawe tu, kokoto na vumbi, ila ni ya zamani kuliko mlima huu. Nikakuambia mto Weruweru umejaa mawe, chukua ndoo ukachote, nauli utabaki nayo. Ukacheka. Nikaongeza kwamba watu wanatoka Ulaya kuja kuupanda mlima huu, na wewe uliyezaliwa juu yake unaukimbia kwa ajili ya kokoto. Hapo hukucheka tena. Tukakaa wiki nzima kwa shikamoo na marahaba, basi, hakuna la tatu.

Ikaja Desemba, mlima ukajaa watu kama kawaida yake, magari ya Dar yamepangwa mpaka kwenye migomba ya watu, kila nyumba inachinja. Wewe ulikuwa huchinji, huli, husemi. Kila siku unakwenda mjini. Mama Ndeshi, jirani yetu wa chini, ambaye hana siri isiyomwasha, akaja kurudisha chupa ya maziwa ambayo sikuwa nimemwazima. Akaniambia amekuona mjini, mtaa wa Mawenzi, unatoka kwenye duka la intaneti, macho mekundu. Nikajua nimekwisha. Nikasema moyoni, ni mwanamume, tena wa mtu, tena ameshamwacha.

Kesho yake nikavaa viatu vya kanisani nikakufuata. Sikuona haya hata kidogo. Nikakukuta umekaa mbele ya kompyuta, kidole mdomoni, na kwenye kioo hakuna mwanamume wala picha, ni maandishi tu yamejazana. Kijana wa dukani akaniamkia, sikumwitikia. Nikakuuliza pale pale, watu wote wanasikia, "Ni nani?"

Ukageuka kwenye kiti.

"Ni chombo, mama," ukasema. "Kimenyamaza. Hakijibu."

Sijui kama ulijua jinsi maneno hayo yalivyonipiga. Nilikuja nimejiandaa kumtukana mtu, na mtu mwenyewe hayupo. Tukatoka, tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, ukanieleza kama unavyomweleza mtoto, nami kwa mara ya kwanza tangu ulipoleta habari zile nikakaa kimya nikasikiliza. Ukasema Wajapani walituma chombo hicho miaka kadhaa nyuma, kikaenda peke yake mpaka kwenye jiwe moja dogo, urefu wake hauzidi kutoka nyumbani kwetu hadi kanisani. Ukasema kilikaa pembeni yake kikilipiga picha, kikashuka kikaligusa, na kilipoinuka kikaanza kuvuja mafuta na kuyumba, kikapotea. Nikakuuliza kwa nini yule anayekiendesha asikishike vizuri. Ukasema hakuna anayekishika, mama. Kiko mbali mno. Wakikituma neno, neno linasafiri zaidi ya robo saa kabla halijakifikia, na jibu lake robo saa nyingine. Wanachokiona ni kilichokwisha kutokea, na wanachoamuru kinakuta mambo yameshageuka.

Ukanieleza na habari za kile kiroboti. Kidogo tu, kama kopo la maziwa ya unga. Chombo kilikuwa kimekibeba ili kikiachie juu ya jiwe kirukeruke na kupiga picha. Amri ya kukiachia ilitoka huku chombo kikiwa karibu, lakini ilipofika huko chombo kilikuwa kimeshaanza kupanda. Kikaachiwa kinakwenda juu. Na lile jiwe kwa udogo wake halina nguvu ya kuvuta kitu kikarudi. Kiroboti kikalipita jiwe, kikaenda zake.

"Kiko wapi sasa?" nikakuuliza.

"Kinalizunguka jua, mama. Peke yake."

Nilisimama, nikajikung'uta gauni, nikakuambia twende tukanunue chumvi. Uliona kama nimechoka na habari zako. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naiona siku ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji, na nilikuwa namwona Elia, na sikutaka kulia kwenye ngazi za watu mbele ya viatu vyangu vya kanisani.

Shangazi yako ananiita. Anauliza sufuria kubwa iko wapi. Nimemjibu iko palepale anapoitazama.

Siku ya mfongo wewe ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka nini. Baba yako alikuwa amefariki, matanga yameisha, watu wamerudi makwao, na zamu yetu ya maji inakuja kama kawaida kwa mtu ambaye hayupo. Baba yako mkubwa akasema atatusimamia, mwanamke haendi juu kwenye banio la mfongo, haijawahi kuwa hivyo. Ni kweli haikuwahi. Lakini nilikuwa nimeshaona anavyosimamia: migomba yake inalowa kwanza, yetu inapata yaliyobaki. Nikamwambia shikamoo, nikachukua jembe, nikapanda.

Nilifika kwenye banio, pale mfereji unapoachana na mto. Nikaondoa mawe na magogo ya migomba yaliyoziba, maji yakaingia. Nikakimbia kuteremka mpaka kihambani, nikakusimamisha kwenye ukingo wa chini, nikakuambia ukiyaona piga kelele. Tukangoja. Mfongo mkavu. Nikainama nikaweka mkono, vumbi. Hata leo nikikumbuka siwezi kukaa, nainuka natembea. Nilijua nimeibiwa. Nilijua ni nani, na nilijua anacheka. Sikukaa hata kidogo, nikarudi juu nakimbia, nikakuta maji yanaingia vizuri kama nilivyoyaacha, nikaona basi ni machache, nikabomoa banio zaidi. Nikafungua kwa hasira zangu zote.

Niliporudi chini maji yalikuwa yameshafika, yale ya kwanza, taratibu, yanajaza mashina kama yanavyotakiwa. Nikafurahi. Sikufurahi kwa muda mrefu. Yale ya pili yakaja nyuma yake yakavunja ukingo, yakang'oa miche ya kahawa aliyoipanda baba yako kabla hajaugua, yakaingia kwa Mama Ndeshi yakabeba magimbi yake, yakazunguka yakaingia ndani mwetu mpaka chini ya kitanda. Mama Ndeshi alikuwa kwenye tope mpaka magotini, ananitaja kwa majina ambayo hayamo kwenye ubatizo wangu. Wewe ulikuwa umepanda juu ya kinu unapiga kelele, maji, mama, maji, umefurahi kweli.

Baba yako mkubwa alikuja, akasimama, akatazama. Nilikuwa nimekaza shingo namsubiri anigombeze. Hakunigombeza.

"Maji ya kwanza yalikuwa bado yako njiani, shemeji," akasema. "Ungekaa."

Nilimchukia kwa kuwa alilisema polepole. Nikamchukia zaidi kesho yake alipokuja na jembe lake tukajenga ukingo pamoja, na baada ya hapo hakunizuia tena kupanda juu. Tangu siku ile sijawahi kufurika. Nafungua, nateremka, nakaa kwenye jiwe langu, nanyamaza, nasubiri. Watu wananisifu kwa maji. Tatizo ni kwamba nilijifunza kuhusu maji tu.

Elia alipokwenda Dar, mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Jumapili kwenye kibanda, na mimi napanda mpaka kwa mchungaji kupokea. Halafu Jumapili moja akaniambia, mama, kazini wametupunguza. Neno hilo moja. Aika, hata sikumwuliza analala wapi. Nilimwambia arudi nyumbani. Kabla hajasema kama anarudi au harudi, nikamtuma mjomba wenu aliyekuwa anakwenda Dar na mizigo akamchukue. Mjomba hajafika, nikamwomba mchungaji amwandikie. Nilipopata simu yangu ya mkononi ndiyo nikaharibu kabisa, asubuhi namwambia arudi, mchana namwambia basi kama harudi atafute chuo, jioni namwambia asikilize ya asubuhi. Yote yakamfikia kwa pamoja. Sasa najua, lakini wakati ule nilijiona mama anayehangaika. Akabadilisha namba. Krismasi mbili hajapanda mlimani, na wewe unajua kwetu Krismasi moja tu ikikupita watu wanaanza kuuliza umekufa au umefungwa.

Nimesimama kidogo. Mvua imeanza kugonga bati, nikaenda kuangalia kama sanduku lako liko mbali na pale panapovuja. Lilikuwa mbali. Nikalisogeza hata hivyo.

Kisha siku ile ya Januari ukaja mbio kutoka mjini, viatu mkononi, tope mpaka kiunoni, ukaingia zizini ukasema, "Kimejibu." Hukusema nini kimejibu, wala sikukuuliza. Nilikaa juu ya ndoo ya maziwa, ilikuwa imejaa, na tukaoga maziwa wote wawili. Ulicheka mpaka ukakaa chini, mama na binti kwenye maziwa na kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu ya jiwe fulani na chombo fulani huko mbinguni. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipofurahi hivyo.

Nilikuuliza walifanya nini muda wote ule kilipokuwa kimya. Nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza. Ukasema walikuwa wanakiita kila siku. Hapo nikakurukia, nikasema, si ndiyo hivyo, hata wao wanaita, mbona mimi nikiita naonekana nasumbua. Ulinijibu ukiwa unakamua nguo, wala hukunitazama.

"Wanaita, mama. Halafu wanasikiliza."

Nimelala na neno hilo miezi hii yote na bado linanisumbua, kwa kuwa hukulisema kwa ubaya. Ukaendelea kunieleza kwamba hata kilipojibu hakikuweza kusema maneno. Kilikuwa kinazunguka ovyo, kimechoka, sauti yake inakuja na kukatika. Kwa hiyo hawakukiuliza habari ndefu. Walikiuliza swali moja la ndiyo au hapana, na chombo kikajibu kwa kuwasha mlio wake au kuuzima. Swali moja, wakangoja, jibu moja. Halafu lingine. Hivyo hivyo wakajua kimeumia wapi, na wakaanza kukielekeza nyumbani kidogo kidogo.

Nitakuambia nilichofanya na sikukuambia. Namba mpya ya Elia ilikuwa kwa mjomba wenu siku zote. Alikatazwa kunipa, na wiki mbili zilizopita akanipa, sijui aliniona vipi. Nilikaa na ile simu kama mtu aliyeshika yai. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe mrefu kabisa, una Biblia ndani yake. Nikaufuta. Nikaandika, Umekula? Nikaiweka simu dirishani, nikaenda kukata majani, nikarudi, hakuna kitu. Mkono ulikuwa unaniwasha, Aika, Mungu ndiye shahidi. Nikaenda kutembea mpaka kwa Mama Ndeshi nikamsaidia kumenya ndizi ambazo hakuniomba nimenye. Jioni likaja jibu. Ndiyo.

Kesho yake nikauliza, Uko Dar? Ndiyo. Siku nyingine, Mzima? Likakawia kuliko yote, nikajua limepita kwenye mambo mengi kabla ya kunifikia. Ndiyo, mama. Ona, hilo lilikuwa na neno la ziada. Juzi nikauliza, Utakuja kumuaga Aika? Hapana. Nilikaa na hapana ile. Zamani ningempigia papo hapo, ningemwambia ni dada yako, ningempigia mjomba, ningempigia mchungaji. Safari hii sikutuma kitu. Jana asubuhi yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akaandika: Mwambie asafiri salama. Kwa hiyo nakuambia. Kaka yako anasema usafiri salama.

Hajarudi, sijadanganyika. Hata hicho chombo chenu hakijarudi. Ulisema kinachechemea, safari yake bado ni ya miaka, na hakuna anayejua kama kitafika au kama kimebeba hata vumbi la lile jiwe. Nikakuuliza mtu anawezaje kufanya kazi hiyo, kukaa miaka anangojea kitu ambacho huenda ni kopo tupu. Ukainua mabega. Nilifikiri mabega hayo ni dharau. Sasa nadhani ulikuwa unaogopa kama mimi, ila wewe umechagua kuogopa kwa mpangilio.

Nilikosea nilipokuambia unaukimbia mlima. Nilijua nimekosea wakati neno bado liko mdomoni. Wewe ni mtoto uliyesimama kwenye ukingo ukitazama mfereji mkavu na kuamini kuna maji yanakuja. Ulikuwa na uvumilivu kuliko mimi, na hakuna aliyekufundisha. Huko unakokwenda, najua watakuwepo watu wenye majina makubwa na vyumba vya baridi, na kutakuwa na saa ambazo kitu hakijibu na mkono unakuwasha ubomoe banio. Wewe mwenyewe utajua la kufanya. Mimi naijua ile hamu tu. Ina sauti yangu, na ukiisikia cheka.

Sasa lile la mwisho, ambalo limenifanya nichukue kalamu.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunakunja nguo nilikuambia kwa uchungu kwamba unakwenda kuyaona mawe hayo na mimi nitakufa sijavuka Arusha. Ukakaa kitandani, ukasema, "Mama, wewe umeshafika huko kabla yangu." Nikadhani unanitania. Ukasema ulipokuwa sekondari, Wajapani waliomba watu wa dunia nzima wawapelekee majina, wangeyaandika kwa maandishi madogo kuliko nywele kwenye kitu cha mviringo ambacho chombo kingekiangusha juu ya jiwe. Ulikuwa na nafasi ya jina moja na muda mchache wa kompyuta. Hukuandika lako. Uliandika Anaeli, Machame.

Nilikukasirikia kwa kutoniomba ruhusa, na nikaenda nyuma ya nyumba, hapa hapa nilipo sasa, nikalia mpaka nikachoka. Kwa hiyo jina langu liko huko juu ya jiwe, kwenye kokoto, limetua salama kuliko kile kiroboti. Halirudi. Chombo kiliposhika njia ya nyumbani liliachwa.

Mama Ndeshi ameingia sasa hivi kutafuta ungo, ameniona, ameondoka bila kusema neno. Kabla giza halijaingia mlima mzima utajua nalia kwenye stoo. Barua hii naitia mkobani mwako, naomba uisome ukiwa umeshapaa angani, usije ukanirudia na kunikuta hivi.

Usiku huu tutakutana mezani. Nitakuwa nacheka, nitasema kiburu kina chumvi kwa sababu ya shangazi yako, nawe ukija kuisoma hii usinisaliti.

Mmoja wetu ameshabaki kule, Aika, inatosha. Nenda uone unachokitafuta, kaa kadiri ya kazi yako, halafu urudi. Nimelisema mara moja. Sitalirudia kwenye simu, wala kwa mjomba, wala kwa mchungaji. Liko njiani, nami niko kwenye jiwe langu hapa chini, nasikiliza.

Mama yako,
Anaeli, Machame